Hadithi njoo, usingizi kolea: kumbukumbu ya usiku 34

Usiku wa 1

Mradi wenyewe ni huu: saa nne na nusu simu inalazwa kifudifudi, taa inazimwa, na kuanzia hapo linalofanya kazi ni sikio tu. Usiku mmoja kitabu cha kusikiliza, usiku mwingine mchezo wa redio. Nataka kujua kipi kinanilaza na kipi kinanikesheza.

Hedifoni zimedumu dakika kumi. Ukilala ubavu sikio linauma. Nimehamia kwenye spika ndogo bapa inayokaa chini ya mto. Sauti yake ni nyembamba, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, na kwa kazi hii ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta.

Usiku wa 2 hadi 5

Vitabu nimevitoa LibriVox, ambako tangu 2005 watu wanajitolea kusoma vitabu vilivyokwisha hakimiliki, na kupakua ni bure. Faili ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula megabaiti 29 hivi kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa kumi hakifiki hata megabaiti 300. Sauti ya mtu mmoja anayesoma haihitaji zaidi ya hapo.

Vitabu vingine husomwa na mtu mmoja mwanzo mwisho, vingine wasomaji hugawana sura. Kwa kusikiliza mchana havina tofauti. Usiku wa tatu nilikuwa nimeshaanza kuzama, mama mmoja mwenye sauti nzito akamaliza sura yake, akaingia kijana anayesoma kama anakimbizwa. Macho makavu. Wote wawili wanasoma vizuri, ila huwezi kubadilishiwa godoro ukiwa juu yake. Sasa nachukua vya msomaji mmoja tu.

Kasi nimeishusha hadi 0.9. Chini ya hapo msomaji anaanza kusikika kama mlevi.

Usiku wa 6

Niliweka kipima muda cha dakika 30. Nikaamka saa tisa usiku kitabu bado kinasomwa, niko sura ya 14, nami naikumbuka ya 3 tu. Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa: programu niliyokuwa naitumia ina kipengele cha kuongeza muda ukiitikisa simu. Simu ilikuwa kitandani. Kila nilipojigeuza, nilikuwa naomba dakika 30 nyingine.

Nimekizima kipengele hicho, na simu inalala sakafuni.

Usiku wa 9

Mchezo wa redio wa kwanza, na sikupata hata lepe la usingizi. Watu wawili wananong'ona ndani ya nyumba, huwasikii vizuri, unapandisha sauti kidogo, unatulia, na hapo radi inapiga. Nilijikuta nimekaa kitako gizani nimeshika mto kama ngao.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba radi yenyewe huenda ilikuwa kipande cha bati. Watengeneza milio wa redio za zamani walitikisa bati wakapata radi, wakagongesha vifuu vya nazi wakapata kwato za farasi, wakafinyanga karatasi ya nailoni karibu na maikrofoni wakapata moto unaotatarika. Najua yote hayo na bado moyo ulikwenda mbio.

Usiku wa 10 hadi 16

Nimekataa kuiacha michezo ya redio, kwa sababu naipenda kuliko vitabu. Ni sanaa iliyozaliwa gizani: mchezo unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuandikwa mahususi kwa redio, uliorushwa na BBC Januari 1924, unahusu watu waliozimikiwa taa ndani ya mgodi. Msikilizaji haoni, na wahusika nao hawaoni. Kuisikiliza taa zikiwa zinawaka ni kama kuidhulumu.

Kwa hiyo wiki hii nimeshinda kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Ina kifaa cha kubana tofauti kati ya sauti ya juu na ya chini. Unachora mstari, na kinachovuka mstari kinashushwa. Nimeweka uwiano wa 4 kwa 1, yaani desibeli 4 zinazovuka zinatoka 1 tu. Mnong'ono unabaki ulivyo, radi inakatwa kichwa.

Jaribio la kwanza halikufaa. Kifaa kilikuwa kinachelewa kushika, kwa hiyo ule mpasuko wa mwanzo ulipita mzima na kilichobanwa ni mngurumo wa nyuma yake, ambao haukuwa na shida na mtu. Nikaushusha muda wa kushika hadi milisekunde chache. Sasa radi inasikika kama kabati linalosukumwa ghorofa ya juu. Mwenye kuitunga angelia, mimi nalala.

Usiku wa 19

Mhusika mmoja ana jina langu. Kaitwa mara moja tu, na mwanamke aliye mbali, na nimeamka nikiitika. Ubongo uliolala bado unasikia, na jina lako ni katika vitu vichache unavyovichuja hata usingizini. Kipindi hicho nimekihamishia kwenye foleni ya kusikiliza nikiosha vyombo.

Usiku wa 20 hadi 27

Kubana sauti kumemaliza radi, hakujamaliza kisa. Kila kipindi kinaishia mlango ukigongwa, nawe unabaki na mlango wako kichwani mpaka saa saba. Dawa niliyoipata ni ya kipuuzi lakini inafanya kazi: kipindi kipya nakisikiliza jioni, nikiwa nimekaa, mpaka mwisho. Kitandani narudia kilekile. Mlango ukigongwa najua aliyegonga, na sikio linabaki na kazi nyingine: kufuata nyayo kutoka kwenye mbao kwenda kwenye kokoto, au kusikia kwamba chumba cha jikoni kina mwangwi na cha kulala hakina. Ni katika marudio ndipo nimegundua kwamba saa ya ukutani inasimama dakika mbili kabla ya mzee kufa. Hakuna anayeitaja.

Nimejaribu pia kuandika kila asubuhi dakika ya mwisho ninayoikumbuka, nipate kujua nimelala saa ngapi. Nimeacha. Dakika chache kabla ya kulala mara nyingi hazishiki kwenye kumbukumbu, hivyo daftari lilikuwa linanisifia bure: linaandika dakika ya 8 wakati pengine nilikuwa macho mpaka ya 13.

Usiku wa 33

Kitabu, msomaji mmoja, sura niliyoianza Jumatatu. Ni Ijumaa na mhusika bado hajavuka mto.

Usiku wa 34

Nimebakiza vipindi vitatu vya kubana. Katika cha tano kuna mvua ndefu, dakika nne nzima, watu wamekaa kimya barazani wakiisubiri ipite. Nimeipitishia kifaa ikageuka kuwa redio iliyopoteza stesheni. Nimefuta, hiyo naiacha ilivyo.