Siku Moja na Kopo la Vipande

Saa 12:20 asubuhi

Nimefika. Kitu cha kwanza huwa si kushona bali kuitia cherehani mafuta, matone mawili matatu, kisha naikanyaga bila uzi mpaka ilainike. Sauti yake saa hizi, kabla barabara haijachangamka, si ile ya mchana. Mchana inalalamika. Asubuhi inanong'ona. Starehe hiyo siihesabu kwa sababu naipata kila siku, lakini nikiikosa, najua siku itakwenda mrama.

Leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kazi kwa mwaka huu wa 2025. Juu ya rafu kuna kopo la bati ambalo zamani lilikuwa la vifungo. Tangu Januari, kila nilipofurahi kwa ghafla nikiwa kazini, nimekuwa nikikata kipande cha kitambaa kilichopo mezani, kisichozidi upana wa vidole viwili, nakitumbukiza humo. (Kabla hamjaniita mwizi wa vitambaa kama mnavyotuita mafundi wote: ni makombo, yale yanayoanguka chini ya mkasi.) Siandiki kitu. Najua wapo wenye madaftari ya mambo mazuri ya kila siku, nawapa hongera. Mimi ningeshindwa wiki ya kwanza. Sheria ni moja tu, kopo halifunguliwi mpaka jioni ya siku ya mwisho.

Saa 1:30 asubuhi

Suruali tatu za kupunguza urefu, sketi moja ya kubana kiuno. Hakuna la kusimulia hapo. Binti ninayemfundisha kazi amefika, amesalimia, ameanza kushona vifungo kwa mkono. Si msemaji. Tuna miezi kumi na moja pamoja na nadhani nimewahi kumsikia akicheka mara nne.

Ila nimetunga uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza tu, bila kulamba ncha, bila miwani. Wasioshona hawataelewa ukubwa wa jambo hili. Sindano ya mkono ina tundu kichwani, ya cherehani tundu lake liko nchani, karibu kabisa na pale panapochoma. Cherehani aliyopewa hataza Elias Howe kule Marekani mwaka 1846 ilikuwa na sindano ya namna hiyo. Ndiyo maana sindano haihitaji kupita nzima upande wa pili. Inashuka, inaacha kitanzi kidogo chini ya kitambaa, uzi wa chini, ule wa kwenye bobini, unapita ndani yake, sindano inapanda. Mshono ukiwa mzuri, nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa, mahali ambapo jicho halifiki. Mimi najua zimeshikana kwa kupapasa tu.

Saa 3:05 asubuhi

Nimevunja sheria. Nimetia mkono koponi bila kuangalia, nikasema nitatoa kimoja tu.

Kimetoka cha kijivu, kizito, kitambaa cha suruali. Nimekijua hapohapo. Siku hiyo kijana aliingia mbio, amejiziba mbele kwa bahasha ya kaki. "Fundi, niokoe." Zipu ilikuwa imeachia, meno hayakutani tena, na usaili wake wa kazi ulikuwa baada ya dakika arobaini. Nikampeleka nyuma ya pazia, suruali ikanifikia kwa pembeni. Kubadilisha zipu kunataka utulivu: unafumua mshono, unatoa ya zamani, unabana mpya kwa pini, unashona upande mmoja, unahakikisha haikupinda, unashona wa pili. Ukiharakisha inatoa mgongo kama paka aliyekasirika.

Nami nikaharakisha. Wakati huo, nyuma ya pazia, namsikia anafanya mazoezi kwa sauti ya chini. Jina langu fulani. Nimesoma hiki na kile. Udhaifu wangu mkubwa ni... Hapo anakwama. Anaanza upya, jina, masomo, udhaifu, anakwama. Mara ya tatu nikamwambia bila kugeuka, "Waambie ni zipu."

Kimya. Kisha akacheka mpaka pete za pazia zikagongana. Kile kicheko ndicho nilichokikatia kipande.

Miezi minne baadaye alirudi na suruali ileile, anataka kiuno kiongezwe. Sikumuuliza kama alipata kazi. Kiuno kilishajibu.

Saa 5:00 asubuhi

Pasi. Kukunja. Mteja aliyesema atakuja saa nne hajaja. Tuendelee.

Saa 6:40 mchana

Bibi wa mifuko ameingia na gauni aliloanza kulivaa wiki iliyopita, amelikunja mkononi, na mara moja nikajua nimekosea nini.

"Mwanangu, mfuko wa kushoto uko wapi?"

Nilikuwa nimetia wa kulia tu. Huyu bibi hashonewi nguo isiyo na mifuko miwili. Anasema miaka yake yote amewaona wanaume wakisimama na mikono mifukoni wakisubiri, na yeye akisubiri akiwa ameshika mkoba, na sasa zamu ni yake. Nimemwomba radhi, nikafumua mshono wa ubavuni palepale, nikakata vipande viwili vya mfuko kutoka kwenye bitana niliyokuwa nayo. Kazi ya robo saa.

Amelivaa, ametia mikono yote miwili, akasimama mlangoni akiangalia nje kama mtu asiye na haraka na dunia hii. Nikamuuliza anatia nini humo.

"Sina cha kutia," akasema. "Nataka tu kujua kwamba upo."

Kipande cha bitana kimeingia koponi. Hicho ndicho cha mwisho kwa mwaka huu, nikadhani.

Saa 8:15 mchana

Mvua. Haikutangulizwa hata na upepo. Tumekimbilia nguo zilizoning'inia nje, nikarudi nimelowa bega moja, na ile harufu ikaingia kabla maji hayajaanza kutiririka.

Zamani niliiita tu harufu ya mvua, nikaridhika. Mapema mwaka huu mteja mmoja, mwalimu wa kemia, alikwama hapa kwa mvua kama hii, na walimu mnawajua, mvua ikiwafungia mahali somo linaanza. Akaniambia ina jina, petrikori, lililotungwa mwaka 1964 na watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Kwamba sehemu yake ni mafuta ya mimea yaliyojikusanya kwenye ardhi kavu, na sehemu ni jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Kwamba tone likigonga udongo hunasa vipovu vya hewa, na vipovu vikipasuka vinairusha harufu juu. Akawa anapiga vidole mezani kuonyesha vipovu. Nikasahau kabisa kwamba alikuja kwa ajili ya koti.

Nilidhani kuijua sababu kutaiharibu harufu. Wapi. Leo nimesimama mlangoni nikivuta pumzi, na bado nawaona wale bakteria wakishughulika huko chini, wadogo, hawana habari nami.

Binti naye amekuja kusimama kando yangu. Hakusema kitu. Tumeangalia mpaka ilipopungua.

Saa 10:00 jioni

Nimetoa kingine. Sheria imeshavunjika, haivunjiki mara mbili.

Ni bluu ya sare, tena kipana kuliko nilivyojiruhusu. Nilishona sare sitini kwa ofisi moja, nikakesha, nikakabidhi kwa wakati, na malipo yakaja baada ya miezi mitano. Siku pesa ilipoingia nilikata kipande hiki kwa kishindo. Leo nimekishika, hakinipi kitu. Ninachokumbuka ni simu nilizopiga, na yule mtu aliyenijibu kila mara kwamba karatasi iko mezani kwa mkubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko zote mwaka huu, na koponi ndiyo bubu kuliko zote. Nimekirudisha. Kilistahili kuingia siku ile, siwezi kukifukuza.

Saa 12:30 jioni

Mlango tumeufunga nusu. Nimelimwaga kopo mezani. Vipande thelathini na nane. Nilitarajia kama ishirini na tano, nikajipongeza kwamba nimefurahi kuliko nilivyojua.

Cheusi chenye tundu moja la sindano katikati: hicho ni cha usiku wa Septemba 7. Nilikuwa nimechelewa kazini, kitambaa kiko chini ya sindano, jirani akagonga dirisha kama nyumba inaungua. "Fundi, toka uone mwezi!" Niliacha mguu mmoja bado uko kwenye kanyagio, nikavuta, kitambaa kikachanika. Nje watu walikuwa wamesimama barabarani wakiangalia juu, hata wale wasiosalimiana. Mwezi ulikuwa umeingia wote kwenye kivuli cha dunia na badala ya kupotea ulikuwa mwekundu mzito, kwa kuwa mwanga wa jua uliopenya ukingoni mwa hewa yetu ulikuwa umepindishwa kuufikia, bluu ikitawanyika njiani na nyekundu ikifika. Kupatwa kamili kulichukua dakika 82. Sikumbuki kukaa dakika 82 kwa jambo lolote mwaka huu bila mikono yangu kufanya kazi. Nguo ile nililazimika kukata upya, kwa hasara yangu, na sikujali.

Cheupe cha pamba: mkasi mpya ulipopita kwenye kitambaa kirefu kwa kufumba na kufumbua, ile sauti ya kupasua hewa. Cha maua: mtoto aliyejiona kwenye kioo akiwa na nguo mpya akamsalimia yule wa kwenye kioo. Cha hariri: sijui kwa nini nilifurahi, nakumbuka tu kwamba jua lilikuwa limefika mezani.

Kisha kuna cha kijani chenye doa la njano, cha chungwa, cha zambarau, kimoja cha jinzi kilichokatwa vizuri kabisa, pembe nne sawasawa. Vinane kwa jumla. Nimevigeuza, nimevinusa, nimevipanga. Hakuna hata kimoja kinachonipa siku. Nikaanza kuwa na wasiwasi na kichwa changu. Furaha nane, zimekwenda wapi?

"Hiki unakikumbuka?" nikamwonyesha binti kile cha kijani.

Aliacha kufagia. Akakitazama, akatazama na vile vingine saba.

"Hivyo ni vyangu, dada."

Sikupata neno. Nilikuwa nimeviweka kando kama vitu vilivyoharibika.

"Na hiki? Hiki ni cha siku gani?"

"Si ulisema hatuandiki?"

Akaendelea kufagia. Nimevirudisha vyake vinane koponi kwanza, vyangu juu yake, nikafunika.