Mitupo Sita Iliyogonga Nyuma ya Ringi

Fainali ile ya mpira wa kikapu tuliianza kuiharibu katika chumba cha kubadilishia nguo. Kocha mkuu alifungulia muziki kwa sauti ya juu, akataka wachezaji wote 12 wapige kelele mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Mimi, msaidizi wake, sikupinga.

Robo ya kwanza ilielekea kuonyesha kwamba hatukukosea. Senta wetu, mchezaji wa chini ya kikapu, alinyakua ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) moja baada ya nyingine; kusukumana chini ya kikapu ni kazi ya misuli mikubwa, na moto ule unaifaa. Mfungaji wetu ndiye aliyeungua. Mazoezini aliingiza mitupo huru, ile ya adhabu inayotupwa kutoka mstarini bila kuzuiwa, minane katika kila kumi, ila siku hiyo, hadi mapumziko, alikosa sita mfululizo, yote ikigonga nyuma ya ringi. Dalili ilikuwa wazi: mkono uliochoka hupunguza mpira ukagonga mbele, uliojaa msisimko huuzidisha. Vidole vilikuwa vimekaza, kifundo cha mkono hakikunjiki, mpira unasukumwa kwa bega. Tena alitupa papo hapo, ilhali sheria inampa sekunde 5. Hata macho yalibanwa: mara mbili hakumwona mwenzake aliyesimama peke yake pembeni.

Wanasaikolojia Yerkes na Dodson waliliona jambo hili kwa panya mwaka 1908: kazi inavyozidi ugumu, ndivyo kichocheo kinachoifaa kinavyopungua. Nililijua, na bado nilikaa kimya. Hilo linaniuma mpaka leo.

Katika mapumziko ya dakika 15 nilimtoa kwenye kelele, senta nikamwacha humo humo. Avute pumzi puani kwa hesabu ya 4, aitoe mdomoni kwa hesabu ya 6; kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza moyo. Akunje ngumi kwa nguvu sekunde 5, aachie, arudie. Kisha tukapanga utaratibu wa mstarini: dunda mara tatu, toa pumzi, tazama ringi, tupa.

Mtupo wake wa kwanza baada ya hapo ulipungua, ukagonga mbele. Nilikuwa nimemkalisha muda mrefu, mwili ukapoa kupita kiasi. Muda wa mapumziko mafupi ulipoombwa nilimwambia arukeruke mara kumi kabla ya kurudi uwanjani. Uliofuata uliingia bila kugusa ringi.