Kebo imekata, LC1 atafanya nini?

Hapa Uganda, kebo ya TV ikikata, watu hukimbilia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Mwenyekiti hakuipa kampuni ya kebo leseni, kwa hiyo hana cha kufuta. Tangu Sheria ya Mawasiliano ya 2013, leseni ya utangazaji hutolewa na UCC, tume ya mawasiliano, pale Bugolobi. Manispaa, au KCCA (mamlaka ya jiji) kwa Kampala, kazi yao ni barabara: aliyechimba mtaro akauacha wazi, waya unaoning'inia juu ya njia ya boda. Nguzo ya umeme nayo ina mwenyewe.

Kwanza ujue kilichoharibika. Picha ikikatika vipande kwenye chaneli chache tu, kagua nyumbani kwako. Splita, kile kigawanya waya kwa TV zaidi ya moja, hupunguza nguvu ya mawimbi: ya njia 2 hula kama desibeli 3.5, ya njia 4 kama 7. Ukiunga splita juu ya splita ili TV ya chumbani nayo ionyeshe, chaneli dhaifu ndizo zinazokufa mwanzo. Fungua koneka ya nje. Shaba ikiwa ya kijani, maji yameingia: kata waya hadi penye shaba safi, funga koneka mpya, kisha acha waya ulegee chini kidogo kabla ya kuingia ukutani ili mvua idondokee hapo.

TV ya jirani nayo ikiwa haionyeshi, hitilafu hiyo ni ya kampuni. Waandikie, hata kwa WhatsApp: namba ya akaunti, tarehe na saa ilipokata, picha ya skrini, ujumbe wa mobile money. Dai namba ya malalamiko. UCC watakuuliza kama ulianzia kwa kampuni, na bila namba hiyo utarudishwa huko. Taja pesa kamili pia. Kifurushi cha 60,000 kwa siku 30, kebo imelala siku 12: unadai 24,000. "Mnatuibia" haijibiwi na mtu.

LC1 ana nguvu kwa yule wakala wa mtaani aliyepokea pesa za kufungiwa akapotea. Hilo ni deni, na korti ya LC husikiliza madai ya deni hadi shilingi 2,000,000. Tena mwenyekiti huwa anajua anakolala.

Ila kabla ya kupeleka lolote UCC, fuata waya wako kwa macho. Ukiishia dirishani kwa jamaa mwenye dikoda moja anayegawia nyumba kumi, UCC wakija watakata nyaya zote, na wako ukiwemo.