Macho mazima, nusu haionekani

Mtu akianguka na bodaboda pale Kondele, akaumia kisogoni, macho yanaweza kuwa mazima kabisa na bado asione upande mmoja. Jeraha likiwa ubongo wa kulia, upande wa kushoto hupotea katika macho yote mawili. Miwani ya kawaida hairudishi upande huo, kwa hiyo msikimbilie kuinunua kabla hajapimwa upana wa kuona.

Kinachorudi chenyewe hurudi zaidi miezi 3 ya kwanza. Baada ya 6 hupungua sana. Kazi inayobaki ni kufundisha macho kutafuta.

Tandaza vizibo 20 vya soda kwenye meza ya upana wa mita moja hivi, vingi viwe upande mbovu. Mgonjwa akae katikati, kichwa kitulie. Kwanza arushe macho hadi ukingo wa meza upande asioona, kisha arudi akiokota safu kwa safu. Dakika 15, mara mbili kwa siku, na akiumwa kichwa aache. Wengi hukosea kwa kuburura macho polepole kutoka upande mzima: yanagota katikati, mtu anadhani amemaliza, kumbe vizibo vimejaa pembeni.

Kwa kusoma, aliyepoteza kushoto abandikiwe utepe mwekundu pambizoni mwa kushoto. Asianze mstari kabla ya kuuona. Aliyepoteza kulia hutaabika zaidi, maana neno linalofuata ndilo limefichika.

Anayeacha nusu ya ugali sahanini na kubisha kwamba amemaliza huenda ana tatizo la umakini pia, yaani ubongo haujali upande huo. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya kazi (anayefundisha upya shughuli za kila siku) kabla ya vizibo. Na yeyote aliyepoteza upande, pikipiki asiendeshe, hata akisisitiza.