Taa za Namboole

Baba ni askari mstaafu wa UPDF, jeshi la Uganda. Sisi wanawe tumekulia kambini, kwenye Kiswahili cha jeshi, ndiyo maana hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, majirani wanaongea Kiganda na ndani kwetu ni Kiswahili tu. Ukikaa barazani jioni unaziona taa za uwanja wa Namboole kule kilimani.

Machi 2023 kulikuwa giza kule. Uganda ilikuwa mwenyeji wa Tanzania kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ila mechi ikachezwa Ismailia, Misri, maana Namboole ilikuwa haijafikia viwango vya CAF, shirikisho la soka Afrika. Msuva wa Tanzania akatufunga, ikaisha 1-0. Baba akazima televisheni. "Mcheza kwao hutuzwa," akasema. "Sasa sisi kwetu ni wapi?" Juni tukaenda "kuwakaribisha" Algeria mjini Douala, Kamerun. Tukafungwa 2-1. Iliniuma sana. Mgeni unampokeaje kwenye nyumba ya kuazima?

Uwanja ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa 1997 kwa jina la Mandela, na unaingiza watu zaidi ya 45,000. Kazi ya kuukarabati walipewa wahandisi wa jeshi. Juni 2024, siku ya mechi na Botswana, nilimpeleka Baba. Kabla ya kuketi aliinama, akakitikisa kiti, akazipapasa skrubu moja moja, kisha akamwambia kijana wa pembeni, "Hii ni kazi ya wenzangu." Zamani tulikalia saruji, mvua ikinyesha unaondoka na suruali imelowa. Tulishinda 1-0.

Kasoro moja siiachi: njia ya wakimbiaji inatutenga na nyasi. Mzee wa macho hafifu kama Baba anajua bao limeingia kwa kusikia kelele.

Lakini kelele zenyewe! Agosti 2025, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Algeria walitupiga 3-0 siku ya kwanza, tukashuka kilima kimya. Tukawachapa Guinea 3-0, Niger 2-0. Kisha Afrika Kusini, usiku, taa zote zimewaka, nasi tuko nyuma 3-1. Hakuna aliyetoka. Penalti ya kwanza, 3-2. Ya pili ikaja kwenye dakika za nyongeza. Baba alinishika mkono, hakuangalia, alisubiri sauti. Ilipokuja niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Tatu kwa tatu, na kwa mara ya kwanza Uganda ikavuka hatua ya makundi ya CHAN. Ismailia nani angetupigia kelele zile?

Senegal walitutoa robo fainali, 1-0, palepale Namboole. Tulirudi kwa miguu, vuvuzela bado zinalia barabara ya Jinja, Baba akiilaumu safu ya kiungo hadi mlangoni.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Tanzania. Ameshanituma nikaulize ni geti lipi lenye ngazi chache.