Jaribio la Darasa la Saba na Alama ya Reli

Mwaka 2013 nilikuwa nikifundisha Hisabati na Maarifa ya Jamii katika shule moja ya msingi jijini Tanga, na kila Ijumaa niliwapa wanafunzi wa darasa la saba jaribio la karatasi badala ya kuandika maswali ubaoni, kwa sababu ubao wetu ulikuwa umechakaa kiasi kwamba watoto wa madawati ya nyuma hawakuweza kusoma mpaka wasimame. Majaribio hayo niliyatunga nyumbani Chumbageni kwa kompyuta ya mkononi niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, nikayaweka kwenye flashi na kuyapeleka steshenari moja ya Ngamiani kuchapwa na kutolewa kopi.

Alhamisi moja ya mwezi Agosti, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukiwa umekaribia, kijana wa steshenari alichomeka flashi yangu, akabofya faili, na mashine ikakataa kulifungua. Word yao ilikuwa ya mwaka 2003, nami nilikuwa nimehifadhi kazi yangu kwa mtindo mpya ulioanza na toleo la mwaka 2007. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda, nikalihifadhi faili kwa mtindo wa zamani, nikaenda tena. Safari hii lilifunguka, lakini pembetatu niliyoichora kwa ajili ya swali la 4 ilikuwa imehama na kukaa juu ya maneno ya swali la 6, na jedwali la mvua lilikuwa limekatwa ubavuni, hivyo kwamba mwaka uliishia mwezi Oktoba. "Mwalimu, ndivyo lilivyokuja," kijana aliniambia, na kwa kweli hakuwa na kosa. Magharibi ilikuwa imekwisha ingia, nikachapisha hivyo hivyo, na kesho yake nilipoteza robo saa nzima nikiwaelekeza watoto kwamba pembetatu waionayo hapa ni ya kule.

Jumamosi mpwa wangu, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, alikuja kutusalimu. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla chai haijatengwa, nilimwonyesha ile karatasi. Aliitazama, akacheka kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mjomba, unachotaka kifike kwa wanafunzi ni maswali, au ni hii Word?" Swali lake lilinichoma kidogo, maana nilikuwa nimetumia jioni nyingi kupanga rangi za vichwa na visanduku vya maandishi.

Alifungua Notepad, ile programu tupu ambayo sikuwahi kuiona kuwa na kazi yoyote, akaandika alama ya reli (#), akaacha nafasi moja, kisha akaandika "Jaribio la Tatu". Akashuka, akaandika alama mbili za reli na "Sehemu A: Hisabati". Neno alilotaka likoze alilizungushia nyota mbilimbili. Alinieleza kwamba utaratibu huo, wa kuonyesha vichwa vya habari na maneno ya kukoza kwa alama tu, unaitwa Markdown, kwamba ulitolewa mwaka 2004 na Mmarekani aitwaye John Gruber, na kwamba aliyemsaidia, Aaron Swartz, alikuwa wakati huo na umri wa miaka 17 tu, naye alikuwa amefariki Januari ya mwaka uleule tuliokuwa nao, akiwa na miaka 26. Kwangu, kijana wa miaka 17 ni mwanafunzi niliyeachana naye juzi, kwa hiyo habari hiyo ilinikaa moyoni kuliko maelezo mengine yote.

Nikiri kwamba kwa macho ukurasa ule ulinionekea wa kimaskini. Kilichonivuta ni pale mpwa wangu aliponionyesha kwamba kichwa cha habari kinaweza pia kuandikwa bila alama ya reli, kwa kupanga chini yake mstari wa alama za "sawa na". Hilo nilikuwa nikilijua tangu ujana wangu. Mpiga taipu wa shule niliyoanzia kazi alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye karatasi za stensili, kwa kuwa taipu yake haikuwa na herufi kubwa za mapambo wala za kukoza, na hakuna mtu aliyewahi kushindwa kutambua kichwa cha habari kiko wapi.

Jumapili asubuhi nilikaa kulihamisha jaribio lililofuata, ambalo nusu yake nilikuwa nimekwisha kulitunga katika Word. Nilinakili, nikabandika kwenye Notepad, nikaondoa visanduku, nikaweka alama. Mpwa wangu alikuwa na programu iitwayo Pandoc kwenye flashi yake, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley (nilifurahi kusikia kwamba ni mtu wa chaki kama mimi), ambayo hulichukua faili la namna hiyo na kuligeuza kuwa la Word, au kitabu cha kusomea kwenye simu, au ukurasa wa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Tulichagua ukurasa wa kivinjari, kwa hoja kwamba hakuna steshenari isiyo na kivinjari, hata kama Word yake ni ya zamani.

Matokeo ya kwanza yalikuwa kichekesho. Maswali matano ya Maarifa ya Jamii, likiwamo la mwaka 1893 ambao Richard Hindorf aliuingiza mkonge nchini, yalikuwa yameungana kuwa aya moja ndefu, kwa kuwa sikuacha mstari mtupu kabla ya swali la kwanza, na bila mstari huo Pandoc haitambui kwamba orodha imeanza. Kwenye Hisabati nilikuwa nimeandika 3*4*5, kwa kuwa kibodi haina alama ya kuzidisha. Nyota zote mbili zilikuwa zimemezwa, na 4 ikabaki katikati ikiwa imelala upande, mwanafunzi asome mia tatu arobaini na tano. Dawa yake ni kutanguliza kila nyota kwa mshazari uliolalia nyuma (\), ili programu ijue kwamba nyota hiyo ni nyota tu.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa swali la mifugo. Kila palipokuwa na "ng'ombe", kati ya g na o palikuwa na makorokoro matatu: ngâ€™ombe. Mpwa wangu alinieleza kwamba Word ilikuwa imeigeuza alama yangu ya king'ong'o iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), na ile iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, ambazo kivinjari kisichoambiwa mfumo wa herufi unaotumika huzisoma kama herufi tatu tofauti. Ile iliyonyooka imo katika orodha ya herufi na alama za kompyuta iitwayo ASCII, iliyoanza mwaka 1963, yenye nafasi 128 tu, inayoeleweka na karibu kila mashine. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kwa vidole, a, b, ch, d, mpaka z, nikaona kwamba Kiswahili chote kinaenea ndani ya orodha ile. Mfaransa na alama zake za juu ya herufi hawezi kusema hivyo. Nilipiga kila "ng'ombe" upya kwa mkono.

Jumatatu steshenari ilichapa bila tatizo. Pembetatu nilikuwa nimeichora kwa kalamu na rula kwenye nakala ya kwanza kabla ya kopi, jambo ambalo mpwa wangu hakulipenda.

Jumatano mwalimu mwenzangu wa upande wa Maramba, ambako shule yao haikuwa na umeme, aliniomba maswali. Zamani ningemwambia asubiri mtu wa kumpelekea karatasi. Safari hii nilinakili maandishi yote, nikayabandika kwenye ujumbe wa simu, naye akayaandika ubaoni. Jioni alinipigia.

"Maswali yamefika yote, kaka, ahsante sana. Ila hivi vidude kama ngazi ulivyoviweka mbele ya vichwa vya habari, watoto wameviandika kwenye madaftari yao na wananiuliza vina maksi ngapi."