Mkufu wa mto Pangani

Jana usiku nimemaliza ule mkufu wangu wa vipande vya chupa vya ufukweni jamani, na asubuhi kabla hata sijanywa chai nikaenda kuuangalia tena.

Watu wananiuliza sana, we dada uko Arusha, Mererani kwenye machimbo ya tanzanite ni pua na mdomo, vitu vya baharini vya nini, si ufanye tanzanite? Mtaji wa tanzanite sina, ila sababu yenyewe hasa ni mto. Huu mto Themi tunaouvuka kila siku hapa mjini unaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na Ruvu ya huku kaskazini pale bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu maji hayo ndo mto Pangani, yanashuka zaidi ya kilomita 400 mpaka baharini Pangani. Kwa hiyo bahari sio ya watu wa pwani peke yao, na sisi tumo.

Mwaka jana nikashuka Pangani nikapanda kivuko kwenda Bweni ng'ambo ya mto, na pale mto unapoingia baharini maji yana rangi ya chai ya maziwa, yakikutana na ile bluu hayachanganyiki hapo hapo, kuna mstari kabisa unauona kwa macho. Nikasema huu mstari ndo nautaka shingoni.

Ufukweni nikaokota vipande vya chupa, vile vilivyosagwa na mchanga na mawimbi mpaka kingo zote zimeisha na kioo kimepata ukungu kama mtu kakipulizia pumzi. Kijani na kahawia vipo vingi, bluu nilipata viwili tu. Makombe sikuchukua. Kuna bibi nilimwamkia pale akaniambia mjukuu wangu hayo yana wenyewe, akageuza moja nikaona vimiguu vya kaa vinajikunja ndani.

Kutoboa ndo kazi sasa. Natumia drili ndogo ya biti ya almasi, kipande nakilaza kwenye sahani ya maji ili kisipate moto na vumbi la kioo lisinipande puani, unagandamiza taratibu sana, ukifika nusu unageuza unatobolea upande wa pili. Hilo la kugeuza nimelijua vipande saba vimeshapasuka, na cha bluu kimoja kikiwemo, iliniuma sana. Kutungia natumia mshipi wa kuvulia maana uzi wa kawaida unakatwa na kioo.

Shanga za kahawia zinaanzia kisogoni, zinapauka kidogo kidogo zikija mbele, kisha ile bluu iliyobaki iko peke yake pale kwenye mstari. Huu siuzi. Wa pili nimeshauanza ila bluu sina, mvua zikiisha narudi Pangani, na yule bibi nampelekea maparachichi ya huku Meru.